Wafumaji wa kroshia, ni kwenye uzi tunapojichomea pesa

Nitasema mapema ndio usitafute msimamo wangu hadi aya ya mwisho. Kijana yeyote anayefuma kofia, skranchi, bendi za kichwa au hereni za kroshia, kisha anaingia dukani na kuuliza tu, "Uzi wa bei ya chini kabisa ni upi?" anajiibia mwenyewe. Hamsaidii mteja wala hajisaidii. Anaokoa sarafu na kuchoma noti.

Najua kuna mtu ashaanza kuguna. Tulia, nitaeleza kwa hesabu.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Naongea kuhusu vitu vidogo, na si ile "kitu kidogo" ya barabarani. Naongea kuhusu marvin za kichwa, kofia za baketi, skranchi, bendi za kufunga nywele, choka za shingo, bangili, hereni na glavu zisizo na vidole. Vitu ambavyo mtu anafuma kwa mkono mmoja wa sindano na kuvaa siku hiyo hiyo. Sweta, magauni na mablanketi tuyaache kando, hayo yana hesabu yake.

Wengi wetu tulikulia nyumba ambazo kroshia ilikuwa kazi ya mathe. Kitambaa juu ya kochi, kitambaa juu ya meza, kitambaa juu ya redio, kitambaa juu ya TV, na kama mgeni alikuwa wa maana, kuna kingine kilifunika jagi ya maji. Wageni wakienda vinafuliwa, vinapigwa stachi, vinarudi mahali pake. Hakuna aliyeita hiyo biashara. Ilikuwa tu mikono ya mama haikai bure.

Sasa sindano ile ile imehama sebuleni. Iko nje ya geti la chuo, iko kwenye matatu, iko Instagram na TikTok, iko kwa kibanda cha mtu anayeuza chaja na miwani. Walioishika ni watu wa rika letu: wengine wana digrii na hawana kazi, wengine wako kazini lakini mshahara unaisha tarehe kumi, na wengine ni kama mimi, tulioaga chuo katikati na sasa jamaa kwenye harusi wakiuliza "siku hizi uko wapi?" tunajibu kwa sentensi ndefu. Kwa watu kama sisi kroshia si kupitisha wakati. Ni kodi ya nyumba. Ndiyo maana naona uchungu tukiiua na mikono yetu wenyewe.

Hebu tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, wewe weka za kwenu.

Kofia ya baketi ya mtu mzima inakula uzi wa karibu gramu 100, ikizidi au kupungua ni kidogo. Tuseme mtu anayejua kazi anaimaliza kwa masaa matano. Tuseme uzi wa bei ya chini kwa hiyo kofia ni shilingi 150, na uzi mzuri wa pamba ni shilingi 400. Tofauti ni shilingi 250. Kwa macho, hiyo 250 inatisha. Lakini angalia kitu ambacho hakibadiliki: masaa matano. Uzi mbaya haukupunguzii hata dakika moja. Kwa kweli unakuongezea, kwa sababu uzi unaochanika na kukwama kwenye sindano unakurudisha nyuma kila mstari.

Sasa uza. Kofia ya uzi wa bei ya chini unaiuza 600 na mteja bado anasema "punguza". Toa 150 ya uzi, umebaki na 450. Gawa kwa masaa matano, ni shilingi 90 kwa saa. Kofia ya pamba nzuri, ukiiuza 1,000, toa 400, umebaki na 600, na hiyo ni 120 kwa saa. Ukipata mteja wa 1,200, ni 160 kwa saa. Hata ukiiuza 850 peke yake bado hujapoteza chochote, uko pale pale kwenye 90, na juu ya hapo una mteja ambaye kofia yake haitageuka kuwa tambara baada ya kufuliwa mara nne. Huyo ndiye atakurudia. Huyo ndiye atakutumia dada yake na wenzake wa kazini.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Kwa kitu kidogo, uzi ndio sehemu ndogo ya gharama, na masaa yako ndiyo sehemu kubwa. Anayefuma blanketi akilia kuhusu bei ya uzi nitamwelewa, maana anahitaji kilo na zaidi. Lakini skranchi? Bendi ya kichwa? Hereni? Skeini moja nzuri inatoa vitu kadhaa. Kitu kidogo ndicho pekee ambacho mtu asiye na mtaji anaweza kukipa uzi bora bila kuuza simu. Na ndicho hicho hicho tunakinyima.

Lakini nisieleweke vibaya. Uzi mzuri simaanishi uzi wa bei ghali. Namaanisha uzi unaofaa mahali utakapokaa mwilini. Hilo ndilo swali ambalo wengi hawaulizi. Tunachagua kwa rangi, halafu kwa bei, halafu basi. Mwili hauvai rangi peke yake. Kichwa kinatoa jasho, nywele zinakauka, shingo inawasha, sikio linabeba uzito. Wacha tupitie moja baada ya nyingine.

Tuanze na kofia ya jua, hiyo ya baketi. Hapa jibu ni pamba. Pamba inakunywa jasho, inapitisha hewa, na ikilowa haidhoofiki, kwa hivyo inavumilia kufuliwa. Uzi wa akriliki, huu unaojaa kwenye maduka yetu, asili yake ni mafuta ya petroli, kama plastiki. Haunywi maji vizuri. Ukiuvaa jua la saa saba Mombasa au Kisumu, jasho linabaki hapo kwenye paji la uso likikutafuta. Halafu ukingo wa kofia ya akriliki laini unaanguka kwenye macho, na mteja anaonekana kama amevaa bakuli lililoyeyuka. Pamba inasimama, hasa ukifuma ukingo kwa sindano ndogo kidogo kuliko ile uliyotumia juu, ili vitanzi vibanane. Kasoro ya pamba ni kwamba haina mvuto. Ikivutwa inabaki imevutika. Kwa hivyo usiifume ikiwa pana ukitarajia itarudi. Ifume ikikaribia kubana, itajifungua yenyewe kichwani.

Twende kwa marvin na boshori, vitu vya baridi ya Juni na Julai. Mtu wa Limuru au Nyahururu hahitaji kuelezwa. Hapa sufu ya kondoo ndiyo mfalme. Sufu ina mvuto wa asili, inashika kichwa na kurudi. Na inaweza kunywa unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umevaa kitu kilicholowa. Ndiyo sababu mvua ya rasharasha haikushindi ukiwa na marvin ya sufu. Lakini sufu ina adabu zake. Ukiifua kwa maji moto na kuisugua, inajikunja na kugandana, na marvin ya mtu mzima inakuwa ya mtoto wa nasari. Kuna sufu nyingine inawasha. Kabla ya kununua, isugue kwenye shingo yako, si kwenye kiganja. Kiganja kimezoea shida, shingo itakuambia ukweli.

Na akriliki? Mimi si adui wa akriliki. Ni nyepesi, haigandani, inafuliwa bila maswali na haiwashi kama sufu kali. Kwa marvin ya mtoto mchanga ambayo itafuliwa kila siku ya pili, akriliki laini ni chaguo la busara kabisa. Hata kwa mtu mzima ambaye ngozi yake haielewani na sufu. Kosa ni kuifanya jibu la kila swali. Na hata kwenye akriliki yenyewe kuna nzuri na mbaya. Ile mbaya inaota vijipira baada ya wiki mbili, na ukiipitisha pasi ya moto inalegea na kulala kabisa, hairudi tena jinsi ilivyokuwa. Usipige pasi akriliki, na umwambie mteja hivyo.

Kuna jambo la nywele ambalo ni letu, na video nyingi za wazungu tunazojifunzia hazitakuambia. Pamba na sufu zinanyonya unyevu na mafuta. Mtu aliyepaka nywele zake vizuri asubuhi, akivaa marvin ya pamba siku nzima, jioni nywele zimekauka kama nyasi za Januari. Na mwenye rasta ana shida ya pili: uzi unaotoa manyoya unaacha vinyuzi ndani ya rasta, na kuvitoa ni kazi ya kuchokora kimoja kimoja. Dawa ni mbili. Chagua uzi uliosokotwa vizuri, usio na manyoya. Kisha weka bitana ya satini ndani. Kipande cha satini cha kutosha kofia moja si pesa ya kukufilisi, na ni kitu ambacho marvin ya dukani mara nyingi haina. Ukiandika "ina bitana ya satini" chini ya picha yako, wenye rasta watakutafuta wenyewe.

Skranchi na bendi za kichwa nazo zina tabia yao. Skranchi inakuwa na mpira ndani, kwa hivyo kazi ya kuvuta ni ya mpira, na uzi kazi yake ni kuwa laini na kutokata nywele. Hapa uzi wa velveti unapendeza na hauvuti nywele sana. Ubaya wake ni kwamba huoni vitanzi, unafuma kwa kuhisi na vidole, kwa hivyo kama wewe ni mgeni kwenye sindano, anza na pamba. Usibanie mpira pia. Mpira dhaifu ukilegea, mteja hatasema mpira ulilegea, atasema skranchi zako ni mbovu. Bendi ya kichwa isiyo na mpira inahitaji uzi wenye mvuto. Pima kichwa, halafu fuma ikiwa fupi kwa sentimita 3 hadi 5. Ukifuma sawasawa na kichwa, itakuwa kwenye shingo kabla mteja hajafika stegi.

Mwisho ni hereni, choka na bangili. Hapa naona watu wakitumia uzi wa sweta, halafu hereni inakuwa kubwa kama kiazi. Hereni inataka uzi mwembamba wa pamba, ule ule wa vitambaa vya mathe, na sindano nyembamba ya milimita 1.5 hivi au 2. Pamba iliyong'arishwa, ile yenye mng'ao kama wa hariri, ina nguvu zaidi na rangi yake inaonekana vizuri. Ukimaliza, ipige stachi kama kile kitambaa cha redio ili isimame. Kumbe mathe alikuwa anajua. Na choka ikae mbali na uzi wa manyoya, maana shingo ina jasho na msuguano, na uzi wa hivyo utachakaa ukiwa bado unaposti picha zake.

Sasa, maduka yetu mengi yanauza uzi ambao lebo yake ilishapotea, au muuzaji anakuambia "hii ni wuli" kuhusu kila kitu kinachofanana na uzi. Usigombane naye. Omba kipande kidogo, nenda nacho nyumbani, kishike kwa koleo ya nyusi juu ya sinki au sahani ya bati, na ukichome. Pamba inaungua haraka, inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na ukiondoa moto mara nyingi inazima yenyewe. Akriliki inayeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Usiliguse tone hilo likiwa moto, linashika ngozi. Ni dakika moja, na baada ya hapo hakuna mtu atakudanganya.

Jaribu la pili ni la rangi. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu kikiwa kimefungwa na kitambaa cheupe. Kitambaa kikibadilika rangi, jua kwamba jasho la mteja litafanya vivyo hivyo kwenye kola ya shati lake jeupe. La tatu ni la macho tu: kama uzi una lebo, angalia namba ya loti. Skeini mbili za rangi moja lakini loti tofauti zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huioni dukani kwenye taa, unaiona juani kofia ikiwa imekamilika. Nunua loti moja inayotosha kazi yote.

"Lakini mimi sina hiyo 400." Nakusikia. Hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi yangu na siwezi kuipita kama matatu inayokwepa msako. Wengi wetu tunafuma kwa pesa ya leo, na pesa ya leo ni ya unga. Kumwambia mtu kama huyo anunue uzi mzuri kunaweza kusikika kama ile siasa ya "kuleni keki".

Kwa hivyo hizi ndizo njia ninazoziona zikifanya kazi. Ya kwanza, chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza. M-Pesa ipo, na mteja anayetaka kweli atatuma. Hiyo nusu inanunua uzi. Ya pili, acha kujaza kabati na rangi kumi na nane za uzi mbovu. Chagua rangi tatu au nne zinazouzwa kila mara, kwa mfano nyeusi, krimu, maruni na kijani cha jeshi, na uzinunue nzuri. Mtu akitaka waridi inayong'aa, ni oda, na oda ina malipo ya kwanza.

Ya tatu ni Gikomba, au Toi, au soko lolote la mitumba karibu nawe. Hapo kuna masweta ya sufu na ya pamba ambayo yamechakaa kiwiko tu, na yanauzwa bei ya chai na mandazi mawili. Sweta moja kubwa likifumuliwa linatoa marvin kadhaa. Lakini usinunue ovyo. Soma lebo ya ndani kwanza, kama ni sufu, pamba au mchanganyiko. Kisha geuza sweta na uangalie mishono ya pembeni. Kama vipande vilikatwa na kushonwa kwa mashine kwa ule mshono mzito wa kuzuia kufumuka, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utapata vipande vifupi visivyo na kazi. Kama vipande viliunganishwa kwa mnyororo laini na pembe zake hazikukatwa, chukua. Liache pia sweta la sufu lililogandana, hilo halifumuki tena. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pannne, uuloweke na kuuanika na kitu kizito kidogo chini ili mikunjo inyooke. Unapata sufu ya kondoo kwa bei ambayo duka la uzi haliwezi kukupa.

Ya nne, tukumbuke uzi si lazima utoke mbali. Kule Nanyuki, kikundi cha akina mama cha Nanyuki Spinners and Weavers kimekuwa kikisokota sufu ya kondoo kwa mkono tangu miaka ya 1970. Kondoo wapo, mikono ipo. Tunapoagiza uzi kutoka ng'ambo ili tuandike "imetengenezwa Kenya" kwenye kofia, angalau tujue kwamba kuna Wakenya wanaotengeneza hata huo uzi.

Sasa nigeuke kwa wateja, maana nao wana kesi.

Ndugu mteja, unajua kwamba hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia ya kweli? Mashine zinafuma sweta na soksi, na zinaweza kuiga sura ya kroshia, lakini kitanzi cha kroshia chenyewe kinafanywa na mkono wa mtu na sindano. Kwa hivyo ukiona kofia ya kroshia halisi popote duniani, iwe kwa duka kubwa la Ulaya au kwa kibanda cha Tom Mboya, kuna mtu aliketi akaifuma kitanzi kwa kitanzi. Na ukiikuta inauzwa 300, usifurahi haraka. Jiulize ni nani aliketi masaa matano, na alibaki na shilingi ngapi baada ya uzi na baada ya wa katikati kuchukua yake.

Huko Pwani watu walilielewa hili zamani. Kofia ya kiua ya Lamu inashonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kazi ya wiki nyingi na wakati mwingine miezi. Bei yake ni maelfu, na anayeinunua anaivaa siku ya Idi kwa kujivuna. Humsikii akimwambia fundi, "Hii ni uzi na kitambaa tu, fanya mia tano." Anajua analipa macho na vidole vya mtu. Kwa nini basi kofia ya kijana wa Umoja au Kayole ihesabiwe kwa bei ya uzi peke yake?

Na si mara ya kwanza sindano hii kushikwa na watu waliobanwa na maisha. Ireland, viazi vilipoanza kuoza mashambani mwaka wa 1845 na njaa kuua watu wengi, wanawake na wasichana maskini walifunzwa kroshia ili wapate kitu cha kuuza. Watawa wa mji wa Cork ni kati ya waliofunza. Walifuma kola na lesi za kuvaliwa na matajiri, kazi iliyoiga lesi ghali za Venice lakini ikimalizika kwa muda mfupi zaidi. Angalia walichotumia: uzi mwembamba wa pamba na sindano nyembamba. Walikuwa na njaa, na bado hawakufuma kwa uzi wowote tu uliopita mbele yao, kwa sababu aliyekuwa akinunua kola alikuwa anaitazama kwa karibu. Vitu vidogo vinatazamwa kwa karibu. Blanketi unaliona ukiwa mlangoni, lakini hereni unaiona mtu akikunong'oneza.

Kwa hivyo mteja, badala ya kuanza na "bei ya mwisho ni gani?" anza na "ni uzi gani huu?" Hilo swali moja litatubadilisha wafumaji kuliko mahubiri yangu yote. Mfumaji asiyeweza kujibu atajua kwamba lazima ajifunze. Anayeweza kujibu atajua kuna mtu anayeona kazi yake. Ukishajibiwa, bargain kwa adabu. Hatujakataa kuongea bei, hii ni Kenya.

Na mfumaji, usingoje kuulizwa. Andika. Kikaratasi kidogo kilichofungwa kwenye kofia kinatosha: "Pamba tupu. Osha kwa maji baridi, anika ikiwa imelazwa, usiitundike." Au: "Akriliki. Usipige pasi." Ukiandika kile kilicho ndani, unajilazimisha kukijua. Na ukishaandika pamba, usiweke kitu kingine. Mteja aliyedanganywa mara moja kuhusu uzi hatakuamini tena hata ukimwambia saa ni ngapi.

Andika pia masaa yako. Si lazima kwenye kikaratasi, andika kwenye daftari lako. Kila kofia, uliianza lini na kuimaliza lini, uzi gramu ngapi, uliuza ngapi, umebaki na ngapi kwa saa. Mwezi ukiisha soma. Utaona ni kitu gani kinakulisha na ni kitu gani unakilisha wewe. Unaweza kugundua hereni za nusu saa zinakulipa kuliko kofia ya baketi inayopata likes zote. Mimi sijamaliza hicho chuo, lakini hii hesabu haihitaji cheti.

Kuna watu wataniambia soko la Kenya halijali, watu wanataka tu kitu cha bei rahisi cha kupiga picha nacho wikendi. Wapo, kweli. Hao wana maduka yao, na shehena za bidhaa za kiwandani zinawangoja. Hatuwezi kushindana na kiwanda kwa bei rahisi, na hatupaswi kujaribu. Kiwanda kitatushinda kwa wingi, kwa kasi na kwa bei. Kisichoweza ni kumuuliza mteja kama ana rasta, kama shingo yake inawashwa na sufu, kama anaishi Mombasa au Limuru, kisha kumchagulia uzi wake. Tukiachilia hilo, tumebakisha nini?

Kwa hivyo safari ijayo ukiingia duka la uzi, weka rangi na bei kando kwa dakika mbili. Jiulize hii kitu itakaa wapi mwilini, mwezi gani na kwa nani. Sugua uzi kwenye shingo. Soma loti. Halafu ndio uulize bei, na ukumbuke masaa matano yanakungoja nyumbani. Hayo masaa ni yako. Yape uzi unaoyafaa.